Magunia Mawili ya Nafaka
Mhadhara juu ya kuyatafuta maisha ya mtu aliyetoka utumwani, uliotolewa Kirua Vunjo

 

Nimekuja kuzungumza juu ya kazi ambayo kwa muda mrefu tumewaachia watu wa mbali, nayo ni kuyatafuta maisha ya mtu aliyekuwa mtumwa kisha akatoka. Tukitajiwa utumwa, mawazo yetu hukimbilia Unguja, Bagamoyo na Kilwa. Tunasema ni mambo ya pwani. Lakini njia za misafara zilifika hapa kwetu. Moja ilitoka Mombasa, ikakata nyika ya Taita, ikapumzika Taveta, ndipo ikapanda mlimani. Nyingine ilitoka Pangani, ikaambaa milima ya Usambara na Upare. Mmisionari Johannes Rebmann alipofika Kilema kwa Mangi Masaki mwaka 1848, hakuwa mgeni wa kwanza kutoka pwani. Aliongozwa na Bwana Kheri, mtu wa misafara aliyekuwa akizijua njia hizo. Na Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, aliwauzia wafanyabiashara wa pwani pembe za ndovu na watu. Watu hao walitekwa katika vita vya mlimani, jirani kwa jirani. Ni vigumu kulisema hili katika mkutano wa nyumbani, lakini anayeogopa kulisema hawezi hata kuianza kazi hii.

Nitawapa maisha ya mtu mmoja, kwa kuwa kazi hii haifundishiki kwa jumla jumla. Ni msichana Myao aliyeitwa Swema. Alizaliwa kusini, upande ambao leo ni kaskazini ya Msumbiji, katika miaka ya 1850. Habari zake zilihifadhiwa na mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu waliokuwa Unguja, ambao mwaka 1868 walifungua misheni ya Bagamoyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 wakapanda hadi Kilema, kwa majirani zetu wa mashariki. Kwa hiyo anayejifunza kumsoma Swema anajifunza pia kusoma karatasi za shirika lilelile lililoandika habari za Vunjo.

Nyumba ya kina Swema haikuwa nyumba ya shida. Baba yake alikuwa mwindaji. Kisha nzige wakala mashamba, na baba akauawa na simba. Mama, sasa mjane, alikopa kwa jirani magunia mawili ya nafaka. Mavuno yakakataa tena na deni likawa halilipiki. Msafara wa wafanyabiashara ulipofika kijijini, yule mdai aliingia kwa mjane pamoja na wazee wawili wa kushuhudia, akamtwaa mtoto kufidia deni, akamuuza kwa msafara.

Mama hakukubali kubaki nyuma. Alimsihi mkuu wa msafara amwache afuatane na mwanawe, akajitolea kubeba pembe ya ndovu. Akatwishwa. Alikuwa mwanamke huru anayebeba mzigo wa watu waliomnunua mwanawe, bila ujira, ili tu amwone kila jioni. Lakini kwa kuwa hakuwa mali ya mtu, hakuna aliyejali kumlisha. Nguvu zilimwishia njiani, msafara ukamwacha porini. Swema alitaka kubaki naye, akachapwa na kuburutwa. Alipofika Unguja kwa jahazi alikuwa amedhoofu kiasi kwamba aliyemmiliki aliona ni hasara tupu. Akaviringishwa mkekani na kuzikwa angali hai, katika shimo la kina kifupi. Kijana mmoja alisikia mguno, akamfukua, akampeleka kwa Masista Mabinti wa Maria, waliotoka kisiwa cha Réunion na waliokuwa wakiuguza wagonjwa mjini Unguja.

Hapo alipona, akasimulia. Padri Antoine Horner aliyaandika maelezo yake katikati ya miaka ya 1860, na mwaka 1870 yakachapishwa Ufaransa katika kitabu kilichotolewa na Monsinyori Gaume. Kwa wasomaji wa kitabu hicho, kilele cha hadithi hakikuwa mama wala nafaka. Kilikuwa siku ambayo Swema, sasa akiwasaidia masista hospitalini, aliletewa majeruhi akamtambua: ni mmoja wa wale waliomtesa njiani. Akashindana na moyo wake, akamsamehe, akamuuguza. Ndipo akawa tayari kwa ubatizo.

Sasa tuisome kama watafiti. Padri Horner alikuwa mtu wa imani akiwaandikia watu wa imani, tena watu ambao misheni iliwategemea kwa sadaka. Alihitaji msamaha uwepo katika hadithi. Alihitaji pia ukatili wa wafanyabiashara uonekane wazi, na wema wa masista uonekane wazi zaidi. Sisemi aliyabuni. Nasema hizo ndizo sehemu alizozishika kwa nguvu, na mtafiti anapaswa kuzishika kwa uangalifu. Lakini magunia mawili ya nafaka hakuyahitaji. Wazee wawili waliokuja na mdai hakuwahitaji. Wanaiharibu hata picha yake, kwa sababu wanaonyesha kwamba mtoto hakuporwa usiku na majambazi. Alichukuliwa mchana, kwa utaratibu, mbele ya mashahidi, na watu wa kijiji chake. Jambo la namna hii, ambalo mwandishi hakuwa na haja nalo na bado limo, ndilo ninaloliamini kwanza. Hapo ndipo naisikia sauti ya mtoto mwenyewe.

Mwanahistoria Edward Alpers aliishika habari hii katika makala aliyoichapisha mwaka 1983, ndani ya kitabu kuhusu wanawake na utumwa barani Afrika. Hakuishia kwenye kaburi na msamaha. Aliuliza kwa nini nyumba hii iliweza kuvunjwa namna ile, na jibu lake lilikuwa katika hali ya mwanamke asiye na mume, aliye mbali na ndugu wa kumtetea, katika nchi ambayo biashara ya pembe na watu ilikuwa imeyabadilisha madeni. Zamani deni la nafaka lingesubiri mavuno ya mwaka ujao, au mtoto angewekwa rehani kwa mdai, akafanya kazi kwake, akakombolewa ndugu walipopata. Msafara ulipoanza kupita, rehani ikawa na soko. Mtoto aliyekuwa dhamana ya muda akawa bidhaa inayoondoka kesho asubuhi na hairudi.

Ndiyo maana nawaambia wanafunzi wanaotaka kufanya kazi hii: msianze na ukombozi. Hadithi ya ukombozi mara nyingi ni ya aliyekomboa. Manowari ya Waingereza imekamata jahazi, padri amelipa fedha sokoni, balozi ametoa hati: mambo hayo yaliandikwa vizuri kwa sababu walioyatenda walikuwa na kalamu. Anzeni nyuma, kwenye deni, njaa, vita, ujane. Kisha rukeni mbele, kwenye miaka ishirini baada ya uhuru, muulize mtu huyu alilala kwa nani, alilima shamba la nani, alioa au aliolewa na nani na mahari ilikwenda wapi. Pande hizo mbili zikipatikana, siku ya ukombozi itakaa mahali pake yenyewe.

Swema alifukuliwa na mtu mwingine. Kuna wengine waliojitoa kwa miguu yao, na kuwatafuta hao ni kugumu zaidi, maana mtoro mwenye akili haachi alama. Watoro walikuwa wengi kuliko tunavyofundishwa. Katika bara la Mombasa na Malindi walijenga vijiji vyao wenyewe. Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, kilianza karibu na mwaka 1879, watoro wakiishi pamoja na Wagiriama Wakristo. Wengine walikimbilia Rabai, kwenye kituo cha misheni ya Kianglikana ya CMS, ambako kiongozi wao wa karibu alikuwa mtu aliyejua utumwa kwa mwili wake: William Henry Jones, aliyetekwa utotoni, akaokolewa, akasomeshwa Bombay na Nasik, kisha akarudishwa Afrika Mashariki kufanya kazi ya misheni. Jones aliwapokea watoro. Wamisionari Wazungu waliosikia malalamiko ya mabwana wa Mombasa mara kwa mara walitaka warudishwe, na mabwana wenyewe walitishia kuja na silaha. Watoro hawakuondoka. Waliendelea kuja, wakajenga, wakalima.

Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa Jones ushemasi, na mwaka huohuo wakasafiri pamoja kuelekea Uganda. Askofu aliuawa Busoga. Jones, aliyekuwa ameachwa nyuma na sehemu kubwa ya msafara, ndiye aliyewaongoza watu kurudi Rabai mwanzoni mwa 1886. Namtaja kwa sababu huyu aliandika mwenyewe. Ripoti na shajara zake zimo katika kumbukumbu za CMS, ambazo leo zimehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Birmingham. Aliyewahi kuwa mtumwa akiandika juu ya watoro ni hazina, na inafaa kijana wa Kitanzania au Mkenya aikalie miaka kadhaa.

Mwisho wa mvutano wa Rabai unajulikana. George Mackenzie wa kampuni ya Waingereza ya IBEA alikubaliana na mabwana kuwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikatolewa. Walioandikishwa katika vituo vya misheni vya pwani ile, Rabai ikiongoza, walizidi 1,400. Angalieni fedha zilikokwenda. Bwana alilipwa kwa kumpoteza mtu. Mtu hakulipwa kwa miaka aliyotumikishwa. Lakini kwa mtafiti siku ile ilizaa jambo adimu, kwa kuwa watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wamejificha wasiandikwe popote, kwa mara moja waliandikwa kwa majina.

Na majina hayo yanataka subira. Mtumwa alipewa jina na bwana wake: Mabruki, Feruzi, Baraka, Majaliwa. Misheni ikampa jina la ubatizo. Lile alilopewa na bibi yake siku aliyozaliwa mara nyingi limebaki mdomoni mwake tu. Ukikutana na mtu mmoja mwenye majina matatu katika karatasi tatu, utamhesabu kuwa watu watatu. Ukikutana na Mabruki watatu utawahesabu kuwa mmoja. Katika vitabu vya ubatizo vya Kanisa Katoliki kuna nafasi ya baba na mama. Ukiikuta tupu, au ukakuta imeandikwa tu kuwa wazazi hawajulikani, usiipite haraka. Mtoto wa miaka kumi anamjua mama yake. Kama jina la mama halikuandikwa, kuna sababu: labda hakuulizwa, labda aliulizwa kwa lugha asiyoijua, labda alikataa kulitaja mbele ya mgeni. Kila moja kati ya hizo ni habari ya maisha yake.

Nirudi kwa Shirika la Roho Mtakatifu, kwa kuwa ndilo lililo karibu nasi. Bagamoyo watoto walionunuliwa au kutolewa kwenye majahazi walilelewa, wakafundishwa kusoma, kulima na ufundi, wakaozwa wao kwa wao, wakawekwa katika vijiji vya Kikristo. Kutoka hapo familia zilitumwa bara kwenda kuanzisha vituo vipya; Mhonda, katika milima ya Nguru, ilianza hivyo mwaka 1877. Tunaposimulia kwamba mapadri walifika Kilema kwa Mangi Fumba, tukamtaja Askofu de Courmont, Padri Le Roy na Padri Gommenginger, tukaongeza kwamba kahawa ya kwanza ya mlima huu ilipandwa kwenye bustani ya misheni ile, inatupasa tuulize na upande wa pili: ni nani waliobeba mizigo, waliofyatua matofali, waliopika? Katika shajara za misheni watu hao hutokea kwa mstari mmoja mmoja. Leo fulani ameugua. Leo fulani amerudi pwani.

Na wapo walioondoka bila ruhusa. Paul Kollman, katika kitabu chake cha mwaka 2005 juu ya jambo hili, anaonyesha kwamba watu waliokombolewa na misheni ya Unguja na Bagamoyo hawakukaa wote kwa shukrani. Wengine waligoma, wengine walilalamika, wengine walitoroka. Walikuwa wamepewa uhuru uliokuwa na kengele ya alfajiri, kazi ya lazima na mchumba aliyekubaliwa na padri. Mapadri waliumia sana na wakaandika kwa uchungu kwamba watu hawa hawana shukrani. Mimi nikisoma maneno hayo naona mtu anayeuthibitisha uhuru wake kwa njia pekee iliyobaki. Sipunguzi heshima ya mapadri na masista waliokufa kwa homa wakiwalea watoto wa watu. Ila mtafiti anayefunga daftari siku ya ukombozi hatamwona mtu huyu akiondoka mara ya pili, na huenda mara hiyo ya pili ndiyo aliyoichagua mwenyewe.

Sheria zilichelewa. Unguja hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897, na masuria wakaachwa nje hadi 1909. Kwenye pwani ya Kenya ilikuwa 1907. Wajerumani katika nchi hii hawakuufuta kabisa. Walitoa barua za uhuru kwa mmoja mmoja, na wakaamuru kwamba watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa kwa sheria Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza. Jan-Georg Deutsch aliyelichunguza suala hili la enzi ya Wajerumani anaonyesha kwamba wakati sheria inafika, watumwa wengi walikuwa wamekwisha kujitoa: wamehama, wamejilipia, wamekwenda kwenye mashamba na reli kutafuta ujira, wamegombana na mabwana hadi wakapatana upya. Kwa hiyo msitafute siku moja ya uhuru. Kwa watu wengi ulikuwa miaka mingi ya kusogea hatua kwa hatua, na ushahidi wake umetawanyika katika Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, katika nyaraka za Zanzibar pale Kilimani, na katika makabati ya Chevilly-Larue karibu na Paris, iliko hifadhi ya maandishi ya Shirika la Roho Mtakatifu.

Wachache walisimulia wenyewe. James Mbotela wa Freretown, makazi ya watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa, mtoto wa Myao aliyeokolewa baharini, alitoa kitabu Uhuru wa Watumwa mwaka 1934, kwa Kiswahili, na wazee wengi wa zamani walikisoma shuleni. Petro Kilekwa, Mbisa aliyetekwa utotoni na kuokolewa na manowari katika Ghuba ya Uajemi, akawa padri wa Kianglikana huko Nyasa, na habari zake zilitoka 1937. Chisi, mwanamke wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, alimsimulia mmisionari Elise Kootz-Kretschmer namna alivyotekwa na kukimbia. Marcia Wright aliyachambua maisha yake na ya wenzake katika kitabu cha mwaka 1993. Watakaoanza utafiti waanze kwa kuwasoma hawa, ili masikio yao yazoee.

Sasa Kirua. Mlima huu ulipata mwanahistoria wake mapema. Nathaniel Mtui, mwalimu wa Marangu, alijaza madaftari tisa ya historia ya nchi za Wachagga kati ya 1913 na 1916, akihoji wazee ambao walikuwa watu wazima misafara ilipokuwa ikipita. Kathleen Stahl alipoandika historia ya Wachagga iliyotoka mwaka 1964 alimtegemea Mtui sana, naye akakaa na wazee wa kila nchi. Katika kazi hizo utapata mangi kwa mangi, vita kwa vita, nani alimshinda nani na ng'ombe wakaenda wapi. Mateka hutajwa kwa wingi wao, kama ng'ombe. Mtu mmoja mmoja, mwenye jina, aliyechukuliwa au aliyekimbilia hapa, haonekani. Pengo hilo halijazibwa na Mjerumani wala Mwingereza, na halitazibwa na yeyote asiyekijua Kikirua.

Linawezekana kuzibwa, ila kwa adabu. Nimekaa na wazee wa kutosha kujua kwamba mazungumzo ya ukoo yakifika mahali fulani hugeuzwa. Sababu ni kihamba, shamba la migomba la urithi. Mtu akisikia unauliza babu yake alitoka wapi, anasikia unauliza kama ana haki ya migomba anayoilima. Hawezi kukujibu kama mwanahistoria. Atakujibu kama mtu anayelinda urithi wa wanawe, na ana haki. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza ni kwamba jina la familia haliandikwi bila ukoo kukaa na kukubali, na wakikataa daftari linafungwa. Ya pili ni kwamba hakuna kuuliza, "Je, ninyi mlikuwa watumwa?" Swali hilo linafunga mlango na linamwaibisha mtu kwa kosa alilotendewa mwingine.

Mimi huanza na wanawake, kwa sababu mateka mwanamke alipoolewa aliingia ndani ya ukoo na watoto wake wakawa watoto wa ukoo, na baada ya vizazi viwili hakuna wa kumnyooshea kidole. Lakini jambo moja halifichiki. Watoto wake hawakuwa na wajomba. Katika nchi hii mjomba ana sehemu yake ya nyama, ana neno lake katika mahari, ana mahali pake msibani. Nyumba isiyo na mjomba huazima mtu wa kukaa nafasi hiyo, na wazee hukumbuka nani aliazimwa. Kwa hiyo wanafunzi, mtakapokwenda kwa bibi zenu likizo hii, msitaje utumwa. Kaeni naye jikoni, msaidieni kumenya ndizi, kisha mumwulize: yule mama mkubwa wa zamani aliyeolewa hapa, alipojifungua ni nani walikuja kutoka kwao kumtazama? Akisema hawakuja, mwulizeni nani aliwapokea watoto wake kama mjomba, na alikaa upande gani wa mfongo, mfereji wetu wa maji.